Pipa Lisilokorogwa

Gerezani, Dar es Salaam
15 Januari 1955

Ndugu yangu Aristides,

Salaamu zikukute Mombasa ukiwa mzima na bado unakumbuka njia ya kurudi. Huku sote hatujambo. Shemeji Candida anauza mchele na maandazi dukani kwenu kama kawaida, na Sofia ameota meno, ameshayajaribu kwenye sikio la baba yangu. Mzee hakumkaripia. Ningekuwa mimi ningekiona cha moto.

Sasa sikia yaliyonipata. Jana baada ya sala ya Ijumaa Mzee aliniita dukani kwake, mbele ya wanywa kahawa wote, akaniambia hivi: “Hashil, wewe na yule Mchaga wako mmelijaza banda la Gerezani vyuma, na mpaka leo sijaona sabuni. Nakupa mpaka Idd ya mfungo. Ikifika Idd na hakuna dobi wa Kariakoo anayefulia sabuni yako, banda unalifunga, unarudi jikoni kwangu kushika mwiko wa halua, na maneno ya sabuni sitaki kuyasikia tena.” Nikasema sawa, baba. Ningesema nini, na wazee wote wananitazama?

Wewe unanijua. Nikirudi kwenye halua sitoki tena. Siidharau halua, ndiyo iliyonilisha na ndiyo iliyomjengea babu nyumba alipokuja kutoka Maskati. Lakini ni yao. Mimi nataka kitu ambacho mtu akikishika aseme hiki kimetoka kwa Hashil na Aristides.

Kwa hiyo fanya haraka. Ulikwenda kwenye kiwanda hicho kikubwa ili ujue vyombo vyao vinatofautiana nini. Niandikie yote. Mimi kwa akili yangu naona chombo ni chombo, kinashika moto au hakishiki. Cha kupikia nimeshapata, kizuri sana, usiniulize nimepata wapi.

Ni mimi, mwenzako wa banda,
Hashil bin Suud


Mombasa
29 Januari 1955

Hashil,

Barua yako imefika. Maneno ya Mzee yamenikaa kifuani, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja kwenye kazi.

Siku ya kwanza nilipopita uani mwa kiwanda niliona mapipa tu, makubwa na madogo. Sasa nimejua kwamba hakuna mawili yenye kazi moja.

Kuna tanki la akiba. Humo mafuta ya nazi yanasubiri zamu yake. Bati lake ni jembamba, maana halibebi kitu ila uzito wa mafuta yenyewe. Ukimwambia fundi aliwekee moto atakuona mgonjwa.

Kuna sufuria la kupikia. Ni la chuma, limesimama refu kuliko nyumba yenu ya Mtaa wa Mkunguni, kitako chake kimechongoka kwenda chini na mwisho kabisa kuna koki. Juu liko wazi. Mafuta na magadi makali vinachemka humo pamoja. Vikishashikana wanatia chumvi, nyingi, maana sabuni ya nazi ni kaidi. Sabuni inakatika na kupanda juu, maji ya magadi yanabaki chini, wanafungua koki yanakwenda zake. Nasema tena ni la chuma. Shaba hapana. Magadi yanaila shaba na sabuni inageuka rangi.

Kuna pipa la kutulia. Hili ndilo nililolipenda kuliko yote na sijui kwa nini, maana halifanyi kitu. Ni refu, limevikwa matambara kama mwenye homa, lina kifuniko chepesi cha kuzuia vumbi tu. Sabuni inahamishiwa humo ingali moto, inaachwa. Watu wanapita wananyata.

Halafu kuna chombo cha kukorogea, chenye mapanga ndani, ambamo sabuni iliyokwisha kutulia inazungushwa kidogo na kutiwa harufu kabla ya kumiminwa kwenye fremu. Na kuna cha kukenekea, cha kuchemsha maji na kukusanya mvuke wake, maana hata yale maji machafu hawayatupi. Na kuna kimoja kilichofungwa pande zote, kinene, ambacho hicho tukiache. Si chetu.

Sisi tunahitaji vitatu: cha kupikia, cha kutulia, cha kukorogea. Ukishahamishia kwenye pipa la kutulia, livishe magunia, liache. Usikoroge.

Msalimie Mzee. Mwambie sikio lake naliombea.

Aristides


Gerezani
19 Februari 1955

Ndugu yangu Mchaga mwenye mapipa mengi,

Tumepika. Nimefuata yote uliyoniandikia, ila pale ulipokosea.

Uliandika kwamba ikishaiva tuiache. Nadhani ulikuwa umechoka na kazi wakati unaandika. Mtu hapiki kitu akakiacha, Aristides. Tumeikoroga tangu mwanzo mpaka mwisho, mimi na Onesphory kwa zamu, chombo kilekile kimoja, na hatukuipa nafasi hata ya kupumua. Mabega yangu yanauma, lakini ni maumivu ya haki. Ina rangi ya kijani kidogo. Nadhani watu watapenda, sabuni nyingine zote sokoni ni njano.

Na Onesphory, fundi wetu wa kuchomelea, ametoa wazo zuri. Anasema tukichukua lile pipa la mafuta ya taa na kulifunga kifuniko kwa boliti, mvuke usipate pa kutokea, tutapika kwa nusu ya muda. Anasema hata wewe uliona chombo kama hicho. Basi kile unachosema si chetu, tutakifanya kiwe chetu.

Idd ijayo utanikuta nimekaa kwenye kiti cha mwenye kiwanda.

Hashil


Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo
21 Februari 1955

Baba Sofia,

Mtoto hajambo, nami sijambo ila mikono. Hashil hajui kama nakuandikia, na usimwambie.

Hiyo sabuni ameipikia kwenye sufuria la shaba la baba yake. Lile lenyewe la halua, walilokuja nalo kutoka Maskati. Aliliomba kwa Mzee kabla barua yako haijafika, Mzee akampa kwa mikono miwili, na ulipoandika shaba hapana aliona haya kulirudisha. Angesema nini kwa baba yake, kwamba chombo cha babu hakifai?

Nilichukua mche mmoja nikafulia shuka zetu kwanza kabla hajaupeleka kwa mtu mwingine. Nashukuru Mungu nilifanya hivyo. Shuka zimepata madoa ya kijani yasiyotoka, na viganja vyangu vimechunika. Mche wenyewe unatoa majimaji kila ukiuweka. Nimeifunga mikono kitambaa, wateja wakiuliza nasema nimeungua na mafuta ya maandazi.

Na Onesphory ameshapima kile kifuniko. Ameniambia kitafungwa Jumamosi. Mimi sijui mambo ya vyombo, lakini pipa lile ni lile tulilokuwa tunakalia, na nikilibonyeza kwa goti linaingia ndani.

Mbona barua yako haisemi unarudi lini?

Candida


TELEGRAMU
MOMBASA 24 FEBRUARI 1955

HASHIL SUUD GEREZANI DAR ES SALAAM
KIFUNIKO KISIFUNGWE. NARUDIA KISIFUNGWE. BARUA INAKUJA. ARISTIDES


Mombasa
24 Februari 1955

Hashil,

Nimetoka kupeleka telegramu sasa hivi.

Kile chombo nilichosema si chetu, nilikuwa na sababu. Ndani yake mvuke unasukuma kila upande kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kuta zake ni nene kama kiganja changu. Ndiyo maana ncha zake zote mbili zimeviringwa, hakuna pembe wala bapa, kwa sababu mvuke unatafuta mahali palipo bapa ili upasulie hapo. Juu kina vali ya usalama inayojifungua yenyewe presha ikizidi, na kuna mtu analipwa kuitazama hiyo vali tu. Pipa la mafuta ya taa ni bati, kichwa chake ni bapa, halina vali, na limesimama hatua chache kutoka mlango ambao mke wangu anapita na mtoto mgongoni. Mngekufa, Hashil. Wewe na Onesphory, na yeyote aliyekuja kuwaletea uji.

Na sasa hiyo sabuni. Niliandika chuma, ukatumia shaba. Niliandika vyombo vitatu, ukatumia kimoja. Niliandika usikoroge, ukakoroga mpaka mabega yakauma, ukajisifu. Najua ilivyomfanya mtu aliyeifulia, usiniulize nimejuaje. Nimeacha nyumba yangu nikaja kulala chumba kimoja na watu wanaokoroma ili nikutumie maarifa, na wewe unayarekebisha. Wewe ni mpika halua, na utabaki mpika halua.

Aristides


Gerezani
8 Machi 1955

Bwana Aristides,

Telegramu imefika kabla ya boliti ya kwanza, ahsante. Barua nayo imefika.

Mpika halua ameisoma. Banda limefungwa. Ufunguo anao mkeo, ambaye nimemwomba radhi mwenyewe kwa ajili ya mikono yake.

Hashil bin Suud


Mtaa wa Mkunguni
20 Machi 1955

Baba Sofia,

Mvua za masika zimeanza na banda la Gerezani linavuja. Hashil haendi hata kutazama. Anakaa dukani kwa baba yake na mwiko mkononi, akiulizwa kitu anajibu neno moja. Mzee amefurahi mwana amerudi, lakini nimemwona akimtazama kwa pembeni, na ile furaha haifiki machoni.

Nimekuwa nikipanga maneno haya tangu barua yako ilipofika. Ulikuwa na haki kuhusu lile pipa, na kila nikilipita nasema sala. Lakini kuhusu kukoroga hukumtendea vizuri. Juzi nilikwenda jikoni kwa Mzee kununua halua ya wageni, nikasimama kutazama. Yule mzee hakuinua macho. Jasho linamtoka, mwiko unazunguka, mtu akamletea habari ya msiba wa jirani akaipokea hivyohivyo, mkono haukusimama. Mke wa Mzee akaniambia kwamba nyumbani kwao mtu anayeacha sufuria motoni ni sawa na aliyempa mgeni kisogo. Hashil alifundishwa hivyo kabla hajajua kusoma. Wewe ukamwandikia aache, nukta, bila kumwambia kwa nini. Ungekuwa wewe ungeacha?

Jambo la pili. Kasmir, kijana wa kwetu Kibosho anayefanya kazi kwenye treni, amepita hapa akitokea huko kwenu. Anasema umepewa unyapara na nyumba ya kampuni yenye bomba la maji ndani. Nilimwambia najua, nikamkaribisha chai. Sikuwa najua.

Je, tunahama?

Candida


Mombasa
30 Machi 1955

Hashil, ndugu yangu,

Mke wangu ameninyoosha, na alikuwa na haki. Naondoa lile neno la mwisho. Nililitupa kama tusi, na mimi ni nani, ambaye nimekula halua ya baba yako miaka yote bila kuulizwa kabila wala dini?

Nilipaswa kukueleza kwa nini, nami sikukueleza kwa sababu mwenyewe nilikuwa sijaelewa. Nilikuwa naandika ninachokiona. Sasa nimeuliza, nimechungulia, na nimefikiria sana. Jibu liko dukani kwenu.

Baba yako akishapika kahawa, anafanya nini na dele, lile birika lake la kahawa? Analiweka pembeni ya makaa. Hamimini saa ileile. Na mtu akishika dele akalitikisa, wazee wote wanamzomea, kwa sababu machicha yatapanda na kikombe kitakuwa tope. Hapo nyumba yenu ileile, watu walewale wasioacha sufuria la halua, wanaiacha kahawa itulie, na hakuna anayeona haya. Halua inataka kila kilichomo kishikane, unga, sukari, samli, visirudi kuachana. Kwa hiyo unakoroga, na ni haki. Sabuni ikishaiva inataka kinyume chake. Humo ndani mna vitu vitatu vilivyochanganyika: sabuni safi, sabuni chafu nzito, na magadi makali yaliyobaki. Ukiiacha ikiwa moto, vinaachana vyenyewe. Safi inapanda juu, chafu inakaa katikati, magadi yanazama chini kabisa. Unachota ya juu tu. Ukikoroga, unayarudisha magadi ndani ya sabuni, na magadi hayo ndiyo yaliyomchuna Candida mikono.

Kutulia ni kazi, Hashil. Ni kazi ya chombo, si yako. Ndiyo maana chombo chake ni kirefu na chembamba, ili vitu vipate nafasi ya kupishana, na ndiyo maana kinavikwa magunia, isije ikaganda kabla haijamaliza. Kile kipana cha halua kimetengenezwa ili mwiko ufike kila pembe. Fundi aliyekitengeneza alijua anachokifanya. Hakutengeneza cha sabuni, basi.

Sasa habari yangu. Ni kweli wamenipa unyapara na nyumba. Nimewaambia nitajibu ikipita Idd. Sikuwaandikia kwa sababu niliogopa: sabuni ikikataa, nitarudi Dar kufanya nini? Kama unafungua banda nijulishe. Kama hufungui, nijulishe pia, nami nitamleta Candida huku na kila mtu atashika lake.

Mimi ningependa ufungue.

Aristides


Gerezani
23 Aprili 1955

Kwa Aristides, mwenye kahawa,

Ulijuaje kunipata kwa kahawa? Niliisoma barua yako dukani, wakati Mzee anamshushua Fikirini, yule mkubwa wa madobi, kwa kulitikisa dele. Nilicheka peke yangu mpaka wakaniuliza kama nina homa.

Nilikwenda kwa shemeji siku hiyohiyo kuomba ufunguo. Alinipa, akarudi kupima mchele.

Sufuria la babu nimelisugua kwa ndimu na jivu mpaka likarudi kung'aa, nikampelekea Mzee. Nikamwambia, baba, chombo hiki ni cha halua na hakitaki kitu kingine. Alilizungusha, akaligonga kwa kidole kusikiliza, akasema, “Nilikupa kwa sababu ndicho kizuri nilicho nacho.”

Onesphory amekifanya kile cha kupikia kwa chuma cha behewa kuukuu, kimechongoka chini kama ulivyosema, na koki yake. Cha kutulia ameunganisha mapipa mawili, moja juu ya jingine, na tumelivisha magunia ya mchele ya mkeo. Nilimwambia kifuniko kiwe chepesi, akasema telegramu yako ameibandika ukutani kwake.

Tumepika. Nilikoroga motoni mpaka nikaridhika, nikatia chumvi, ikakatika mbele ya macho yangu, maji meusi yakatoka kwa koki. Tukahamishia kwenye pipa la kutulia. Halafu Aristides, sijapata kupewa kazi ngumu kama ile ya kutofanya kitu. Nilizunguka. Nilishika mwiko nikauweka. Nilisikia kama kuna mtu ananiita kutoka ndani ya pipa. Mwisho nilimwambia shemeji afunge banda, achukue ufunguo, na hata nikimlilia asinipe. Nilimlilia, hakunipa. Nikaenda Ilala kwa mjomba kusaidia kuezeka, mvua na yote, ili niwe mbali.

Alipotufungulia, tulichota ya juu. Ni nyeupe. Nyeupe kama nazi yenyewe, laini, haitoi majimaji hata kidogo. Shemeji aliichukua akafulia palepale uani, mikono mitupu, mimi nimesimama kama mtu anayesubiri hukumu. Akaniinulia viganja. Havikuwa na kitu.

Kesho huenda tukafunga. Umebaki mwezi huu mmoja, na dobi sina. Usijibu watu wa unyapara kwanza.

Hashil


Mtaa wa Mkunguni
16 Mei 1955

Baba Sofia,

Nakuandikia haraka, wateja wa futari wanakaribia.

Hashil alimfuata Fikirini kule wanakofulia, bonde la Msimbazi, akamwekea mche mbele yake. Unajua madobi wote wa Kariakoo wanamtazama yeye. Akifulia, watafulia. Fikirini aliunusa, akaulamba kwa ncha ya ulimi, akatema, akasema haukuuma. Kisha akatoa sharti lake, ambalo anasema analo tangu zamani kwa kila muuza sabuni: hafulii sabuni ya mtu kwenye nguo za watu mpaka afulie kwanza nguo ya baba yake muuzaji, ile anayoipenda. Anasema mtu akiweza kukubali hilo, sabuni yake anaiamini mwenyewe.

Na kanzu ya Idd ya Mzee Suud tayari iko kwa Fikirini. Ile ya hariri nyeupe, yenye darizi shingoni, anayovaa mara mbili kwa mwaka.

Nami nilikuwepo. Nilikuwa najua anaiona ile shuka yetu ya kijani. Halafu akasema, “Fulia.” Mzee hajaambiwa. Hashil anasema akimwambia, Mzee atakataa, na akikataa mambo yamekwisha hapohapo.

Kwa hiyo tarehe ya Idd baba yake atasimama mbele ya mji mzima na kanzu hiyo. Ikiwa na doa moja, banda limekwisha, na sidhani kama baba na mwana watakaa meza moja tena. Mimi naisali rozari kwa ajili ya kanzu ya Mwislamu, na Padri akiniuliza nitamjibu hivyohivyo.

Candida


TELEGRAMU
MOMBASA 21 MEI 1955

CANDIDA NA HASHIL DAR ES SALAAM
NIMEKATAA UNYAPARA. NARUDI IDD IKIPITA. PIKENI NYINGINE. ARISTIDES


Gerezani
25 Mei 1955

Aristides, ndugu yangu, mwehu wangu,

Telegramu yako tuliisoma mfungo haujaisha, kabla mtu yeyote hajajua kanzu itatokaje. Shemeji aliisoma akaketi chini. Mimi nilisema huyu mtu ametupa nyumba yenye bomba kwa ajili ya sabuni ambayo haijafua nguo. Nikaogopa zaidi, na nikafurahi zaidi. Sikujua kama mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Sasa kaa vizuri.

Asubuhi ya Idd kanzu ililetwa imekunjwa. Sikuweza kutazama. Mzee aliivaa chumbani, akatoka, na mama akasema “Mashaallah” kabla hajajizuia. Nikainua macho. Ilikuwa nyeupe, Aristides. Darizi ya shingoni, ambayo miaka yote ilikuwa imefifia kuwa rangi ya chai, ilikuwa imefunguka, kila uzi unaonekana. Hata yeye alijitazama mikono mara mbili.

Tukaenda Mnazi Mmoja kusali. Watu ni wengi na wote wamevaa vyeupe, lakini baada ya sala wakati wa kupeana mikono, kila anayemshika Mzee anauliza, “Suud, hii mpya?” Anasema si mpya. “Kaifua nani?” Anasema Fikirini. Ikawa kama anatoa zawadi, kifua kinapanda kila akiulizwa. Mwisho tukakutana na Fikirini mwenyewe. Mzee akamshika mikono yote miwili akasema, mbele ya wazee walewale wa kahawa waliokuwepo siku ile ya Januari, “Mkono wako mwaka huu si wa kawaida.”

Fikirini akasema, “Mkono wangu ni uleule. Sabuni ndiyo si ileile. Muulize mwanao. Nguo zote za Idd nilizofua baada ya hii, nimefulia hiyo, na wenzangu wanataka. Nimekuja kumwuliza ana kiasi gani.”

Mzee alinigeukia. Sikuona hasira, sikuona kitu. Akasema twende nyumbani. Njia nzima nilikuwa nahesabu makosa yangu tangu utotoni. Tulipofika aliingia jikoni, na siku ya Idd yeye hapiki, anatembelewa. Akawasha moto mwenyewe. Akapika halua kwenye lile sufuria la shaba, na wageni wakija wanamkuta palepale anakoroga.

Alasiri akaniambia nibebe upande mmoja. Tukalibeba sufuria lile likiwa limejaa, yeye na ile kanzu, kutoka Mkunguni mpaka Gerezani, watu wanatoka milangoni kututazama. Madobi walikuwa wameshajaa bandani, na Onesphory, na shemeji na Sofia. Wakala halua mpaka sufuria likabaki shaba tupu.

Ndipo Mzee akalisogelea lile pipa la kutulia. Tulikuwa tumepika nyingine kama ulivyoagiza, imo ndani inatulia. Akaweka kiganja juu ya magunia, akasikia joto. Akaniuliza, “Nani anaikoroga hii?”

Nikamwambia, hakuna mtu, baba.

Yaliyofuata amesema atakuandikia mwenyewe, na amenikataza kuyagusa.

Hashil, wa Hashil na Aristides


Kariakoo
26 Mei 1955

Kwa mwanangu Aristides,

Mimi si mwandishi. Barua yangu ya mwisho niliiandika baba yangu alipofariki, kuwajulisha jamaa.

Mwanangu Hashil aliniambia hakuna anayekoroga. Nilitaka kukasirika, maana chombo kilikuwa moto na kimeachwa. Akanieleza habari ya vitu vitatu vinavyoachana, na akanitolea mfano wa dele langu la kahawa. Nikamwuliza nani amemfundisha. Akasema wewe. Nikamwuliza nani alikufundisha wewe. Akasema mnafundishana.

Nikaomba kiti. Watu walikuwa wanaondoka, mkeo akaniletea kahawa. Nilikaa mbele ya lile pipa na kanzu yangu ya Idd, mwiko wa halua umeegemea ukutani karibu na mkono wangu. Nimekoroga tangu nikiwa mdogo kuliko meza. Mkono wangu haujui kukaa mbele ya chombo cha moto. Ulitaka kuondoka peke yake, nikaushika kwa huu mwingine. Nilikaa hivyo mpaka adhana ya magharibi.

Leo wamelifungua nikaitwa nitazame. Ya juu ilikuwa nyeupe kuliko kanzu.

Banda halitafungwa. Jikoni kwangu nimemtafutia Hashil mtu wa kushika mahali pake. Sufuria langu limerudi kwenye halua, na la kwenu lina kazi yake. Njoo nyumbani, mwanangu. Sofia ameota jino jingine na masikio yangu yamebaki machache.

Na ukifika, watakapokusimulia kwamba mzee Suud alikaa mbele ya chombo cha moto, mwiko uko karibu, usifikiri wanatia chumvi. Ni kweli. Sikugusa.

Suud bin Hashil